Mlima unaokula mbali: jinsi ya kuielewa kata ya Wahui katika nyanda za juu za Qinghai

Mfanyabiashara wa Kariakoo au Eastleigh aliyewahi kufuata mzigo Guangzhou au Yiwu huenda amekwisha kuchangia uchumi wa kata ninayotaka kuieleza hapa, naye asijue. Akitafuta chakula cha halali katika mji mgeni, huelekezwa kwenye mgahawa mdogo wenye meza sita au nane na kibao kilichoandikwa kwa Kichina "Lanzhou lamian", yaani tambi za kuvutwa za Lanzhou. Nyuma ya kioo humkuta mwanamume mwenye kofia nyeupe akivuta donge la unga kwa mikono, na karibu na mlango mwanamke aliyejitanda ushungi akipokea pesa. Mteja huondoka akiamini kwamba amehudumiwa na watu wa Lanzhou, mji mkuu wa jimbo la Gansu. Mara nyingi sivyo. Wengi wa wenye migahawa hiyo wametoka Hualong, wilaya ya milimani katika jimbo jirani la Qinghai, na nyumba waliyozaliwa iko juu ya mlima unaolima shayiri na viazi.

Anayeitazama kata moja ya wilaya hiyo, tuseme Dehenglong, kwa kuhesabu mashamba na mifugo yake tu, hataielewa. Ataona miteremko mikavu, msimu mfupi wa kilimo na mvua isiyoaminika, kisha ataona nyumba mpya za matofali zenye malango makubwa ya vigae, nazo zimefungwa kufuli. Fedha iliyojenga nyumba hizo haikutoka katika udongo unaozizunguka. Ili kufahamu imetoka wapi na imepandaje mlima, ni lazima kwanza kufungua mafundo mawili matatu: kata yenyewe ni nini katika utawala wa China, Wahui ni nani, na ardhi ya Hualong imepangwaje.

Utawala wa China hushuka ngazi kwa ngazi, kuanzia jimbo, kisha mji mkubwa wenye mamlaka juu ya wilaya, kisha wilaya, na chini ya wilaya huja ngazi iitwayo *xiang* kama ni ya mashambani au *zhen* kama ina mji mdogo. Ngazi hiyo ndiyo ninayoiita kata, ingawa kwa ukubwa na watumishi wake inakaribia tarafa ya Tanzania. Chini yake viko vijiji. Hualong imo ndani ya mji wa Haidong, ambao licha ya kuitwa mji ni eneo lote la mashariki ya Qinghai, na tangu mwaka 1954 inatambuliwa kuwa wilaya ya Wahui inayojiendesha. Hapa pana jambo ambalo humchanganya msomaji wa ramani. Zipo kata nyingi nchini China zinazobeba rasmi jina la "kata ya Wahui", lakini Hualong hazimo. Kwa kuwa wilaya nzima ni ya Wahui, kata zao huitwa kata tu bila nyongeza, na nyongeza huwekwa kwa walio wachache: Xiongxian, Chafu, Jinyuan na Tajia huitwa kata za Watibeti. Kwa hiyo anayetafuta kata ya Wahui kwa kusoma majina atazikuta zile ambazo Wahui ni wachache katika wilaya ya wengine, na atazipita zile ambazo karibu kila jirani ni Mhui.

Fundo la pili ni hilo jina lenyewe. Wahui ni zaidi ya milioni 11 katika China yote, na kwa kawaida huelezwa kuwa ni Waislamu wasemao Kichina, wazao wa wafanyabiashara, askari na mafundi kutoka Asia ya Kati, Uajemi na Arabuni waliooana na wenyeji kwa karne nyingi. Maelezo hayo yanafaa kwa Wahui wengi, ila yanapofika Dehenglong na kata jirani ya Ashinu hupata mtihani. Katika sehemu hiyo iitwayo Kaligang wapo Waislamu walioandikishwa kuwa Wahui, wanaoswali msikitini na kufunga Ramadhani, lakini lugha ya nyumbani kwao ni Kitibeti cha lahaja ya Amdo. Masimulizi yao yanasema wazee wao walikuwa Watibeti waliosilimu katika karne ya 18 kwa mahubiri ya Ma Laichi, shehe aliyekwenda kuhiji na kusoma katika nchi za Kiarabu, kisha akarudi na kueneza tarika ya Khufiyya. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye anajua jinsi tarika zilivyosafiri na masharifu wa Hadhramaut, hatashangaa kwamba shehe mmoja aliyerudi kutoka safari ndefu anaweza kubadilisha mwelekeo wa mlima mzima. La kuzingatia ni kwamba serikali, ilipoyaorodhesha makabila ya nchi katika miaka ya 1950, iliwaweka watu hawa upande wa dini yao na si wa lugha yao. Kwa maoni yangu Kaligang ndiyo mahali pazuri kuliko pote pa kuona kwamba neno "Mhui" ni kapu la kiserikali lililofumwa juu ya mambo mengi ya kale, wala si jina la damu moja.

Sasa ardhi. Wilaya ina kilomita za mraba 2,740 hivi, nayo imelala kati ya milima ya Laji upande wa kaskazini, ambayo vilele vyake hupita mita 4,000, na Mto Huang He, yaani Mto Manjano, upande wa kusini. Kutoka mlimani hadi mtoni maji yamechimba makorongo katika udongo mwekundu na katika ule udongo laini wa manjano ambao ni vumbi lililoletwa na upepo kwa maelfu ya miaka. Wenyeji wa mashariki ya Qinghai huigawa nchi yao kwa tabaka tatu, na mgawanyo huo unaeleza mengi kuliko takwimu. Chini kabisa ni *chuanshui*, ardhi tambarare kando ya mto, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, yenye joto la kutosha na maji ya mifereji, ambako ngano, mboga na matunda hustawi. Juu yake ni *qianshan*, milima mifupi, ambako jua ni kali, udongo hukauka na mkulima hutegemea mvua peke yake. Juu zaidi ni *naoshan*, ambayo kwa tafsiri ya neno kwa neno ni "milima ya ubongo", yaani ya kichwani, ambako mvua na ukungu ni vingi zaidi lakini jalidi huwahi, na mkulima huridhika na shayiri ya nyanda za juu, viazi mviringo, maharage mapana na mmea wa mafuta wenye maua ya manjano unaofanana na haradali.

Mtu wa tabaka la katikati ndiye mwenye taabu kuliko wote, kwa kuwa anauona mto chini yake kila siku na hawezi kuufikia. Mvua ya mwaka katika sehemu nyingi za wilaya haizidi milimita 500, nayo hupenda kuja kwa kishindo katika miezi ya joto, ikachukua udongo badala ya kuunywesha. Mazao huvunwa mara moja kwa mwaka. Familia ikiwa na vijishamba vichache juu ya mteremko, na wana wawili wa kiume wanaotaka kuoa, hesabu haikubali. Wakati huohuo maji ya Huang He yanafanya kazi kubwa papo hapo: bwawa la Lijiaxia, mpakani mwa Hualong na wilaya ya Jainca, lina uwezo wa megawati 2,000, na lile la Gongboxia, mpakani na wilaya ya Xunhua, lina megawati 1,500. Umeme huo huenda kwenye gridi ya taifa. Mlima unabaki na nyaya zinazopita juu yake.

Kwa hiyo kuondoka si jambo jipya Hualong. Kabla ya tambi palikuwa na dhahabu. Katika miaka ya 1980 makundi ya wanaume wa mashariki ya Qinghai, Wahui wengi wakiwamo, yalikodi matrekta na kwenda kuchekecha mchanga katika nyanda za magharibi ya jimbo, hadi Hoh Xil, mahali penye hewa nyepesi na baridi inayoua hata mwezi wa tano. Wachache walipata, wengi walirudi na madeni, na baadaye serikali ilipiga marufuku uchimbaji huo. Mwishoni mwa muongo huohuo watu wachache wa Hualong walijaribu kinyume chake: badala ya kupanda juu zaidi walishuka hadi baharini, katika bandari ya Xiamen, jimbo la Fujian, mji uliokuwa umefunguliwa kwa biashara na kujaa vibarua na wageni, wakafungua vibanda vya tambi za nyama ya ng'ombe. Tambi zikauzika. Habari ikarudi kijijini, na kila aliyefanikiwa akawaita ndugu, shemeji na watoto wa jirani.

Hapa ndipo lilipozaliwa lile jina la kupotosha. Tambi za kuvutwa zenye supu ya nyama ya ng'ombe ni fahari ya Lanzhou kweli, na masimulizi yaliyozoeleka yanamtaja Mhui mmoja wa mji huo, Ma Baozi, aliyeanza kuziuza mwaka 1915. Ndani ya Lanzhou kwenyewe huitwa tambi za nyama ya ng'ombe tu, na mtu wa huko hucheka akisikia "Lanzhou lamian", kwa sababu ni jina la nje. Wahualong waliochukua biashara hiyo hadi pwani waliliandika jina la Lanzhou kwenye kibao kwa kuwa hakuna mteja wa Xiamen aliyejua Hualong iko wapi. Watu wa Lanzhou wamenung'unika kwa miaka mingi kwamba supu yao imechakachuliwa na wageni, na watu wa Qinghai wamejaribu kulitangaza jina lao wenyewe. Mimi nadhani ugomvi huo hauna mshindi: mmoja ana haki ya kichocheo, mwingine ana haki ya kukitembeza nchi nzima.

Inafaa kuangalia kazi yenyewe kwa karibu, maana ndani yake mna sababu ya biashara hii kuweza kuanzishwa na mkulima asiye na kitu. Unga wa ngano hukandwa kwa maji, chumvi na kiasi kidogo cha magadi, ambayo zamani yalitokana na majivu ya kichaka cha jangwani kiitwacho *peng* na siku hizi huuzwa yakiwa poda ya kiwandani. Magadi hayo ndiyo hulifanya donge livutike bila kukatika na kuipa tambi rangi ya manjano. Mpishi hulipiga donge juu ya meza, hulisokota kama kamba, hulilaza, hulipaka mafuta, kisha hushika ncha mbili na kuvuta hadi upana wa mikono yake. Akikunja na kuvuta tena, uzi mmoja umekuwa miwili, kisha minne, kisha minane. Mkunjo wa saba hutoa nyuzi 128, na wa nane 256, nyembamba kama nywele. Mteja huchagua: nyembamba, nene kidogo, bapa kama jani la kitunguu, au pana kama mkanda. Tambi hutupwa katika maji yanayotokota, hutolewa baada ya muda mfupi sana, humwagiwa supu ya mifupa na kupambwa kwa vipande vya figili nyeupe, mafuta ya pilipili nyekundu na giligilani. Hakuna mashine ya bei mbaya, hakuna akiba kubwa ya bidhaa inayoweza kuoza, na mtaji mkubwa kuliko wote ni mikono iliyofundishwa.

Mikono hiyo hufundishwa na ukoo. Kijana hushuka mlimani akiwa mwanagenzi katika mgahawa wa mjomba au wa mtu wa kijiji chake, huanza kwa kuosha vyombo na kubeba mabakuli, hujifunza supu, hujifunza donge, na hulala juu ya mgahawa au kwenye chumba cha kupanga pamoja na wenzake. Hulipwa ujira, naye huuweka. Baada ya miaka kadhaa hukopa kwa ndugu zaidi ya mmoja, pengine kwa kuahidi kuwalipa kwa mgao wa faida, hutafuta fremu katika mji ambao haujajaa, na humwita mke wake na mdogo wake. Mgahawa wake sasa ni shule ya wengine. Kwa njia hii, bila tangazo wala makao makuu, wilaya moja ya milimani imesambaza migahawa zaidi ya 10,000 katika miji zaidi ya 200 ya China. Serikali ya wilaya haikuibuni biashara hiyo. Iliikuta ikitembea, ikaifuata kwa mafunzo, mikopo midogo na ofisi za uwakilishi katika miji mikubwa, ambazo husaidia katika leseni, migogoro na shule za watoto. Leo taarifa rasmi huiita "uchumi wa tambi" kana kwamba ni mpango uliochorwa mezani.

Palipo na mtandao wa ukoo pana pia sheria za ukoo. Iliyo maarufu zaidi ni ile ya umbali: mgahawa mpya usifunguliwe ndani ya mita mia kadhaa kutoka kwa uliotangulia, na mita 400 ndiyo hesabu inayotajwa sana. Si sheria ya nchi, na katikati ya muongo wa 2010 ilizusha magomvi yaliyofika magazetini, hasa Shanghai, pale aliyefungua karibu mno aliposhinikizwa na kundi zima afunge au ahame. Wachina wengi waliisoma habari hiyo kama jeuri ya watu wa nje wanaojigawia mji wa wengine. Kutoka mlimani mambo huonekana tofauti: mgahawa uliofunguliwa kwa mikopo ya ndugu watano, ukiuawa na jirani kutoka kijiji hichohicho, huangusha nyumba sita kwa pamoja. Kuelewa sababu hiyo si kuikubali, kwani mteja na sheria havikuulizwa.

Wapo wasiofaidika, na hesabu ya migahawa huwaficha. Familia isiyo na mjomba mjini haina pa kuanzia. Mwanamke hufanya kazi saa zilezile na mumewe, ilhali deni, leseni na jina ni vya mume. Lakini mzigo mzito zaidi unatokana na *hukou*, hati ya makazi iliyowekwa na kanuni ya mwaka 1958, inayomfunga kila raia na mahali alipoandikishwa. Mtoto wa mpika tambi wa Guangzhou anaweza kusoma huko kwa miaka kadhaa, lakini kwa kawaida mtihani wa kuingia chuo kikuu hutakiwa kufanywa jimbo alikoandikishwa. Wazazi huchagua kati ya kumwacha kwa bibi mlimani tangu mdogo, kumrudisha anapokaribia mitihani akiwa mgeni katika shule ya nyumbani, au kumtoa shuleni na kumpa donge. Watoto wengi wamepewa donge. Ndiyo maana mwenye pesa ya tambi hivi sasa hanunui shamba wala kondoo. Hununua nyumba ya ghorofa Qunke, mji mpya ulio kwenye tambarare ya mto, au Xining, mji mkuu wa Qinghai, ambako shule ni bora na bado ni ndani ya jimbo. Kata za juu humwagika kuelekea bondeni, tabaka lilelile la *chuanshui* ambalo babu zao walilitazama kutoka juu.

Biashara iliyo mbali na nyumbani huumizwa na mambo ya mbali pia. Ugonjwa wa Uviko ulipozifunga barabara na migahawa Januari 2020, pato la mlima lilikatika hata katika vijiji ambavyo havikuwa na mgonjwa. Mwaka huohuo Qinghai ilitangaza kwamba wilaya zake zote zimeondoka katika orodha ya umaskini, tangazo ambalo kwa upande wa Hualong lilikuwa limeegemea sana bakuli la tambi. Na tangu mwishoni mwa muongo uliopita, sera ya kuifanya dini iwe "ya Kichina" imegusa kibao chenyewe: mwaka 2019 migahawa ya halali ya Beijing iliamriwa kuondoa maandishi ya Kiarabu, na mwaka 2021 Msikiti Mkuu wa Dongguan mjini Xining uliondolewa makuba yake ya kijani. Neno la Kichina la halali, *qingzhen*, ndilo ambalo msafiri Mwislamu anapaswa kujifunza kulitambua.

Kwa anayetaka kwenda, njia huanzia Xining, mji ulio kwenye mita 2,260 hivi, ambao tangu Desemba 2014 umeunganishwa na Lanzhou kwa treni ya kasi. Ni busara kulala hapo usiku mmoja au mbili ili mwili uzoee hewa nyepesi, kwani Bayan, makao ya wilaya, iko juu ya mita 2,800. Kutoka Xining hadi Bayan ni kilomita 110 hivi: barabara huteremka na bonde la Huangshui hadi Ping'an, kisha hugeuka kusini na kuupita mlima wa Qingsha. Watalii wengi huipita Hualong bila kushuka, wakielekea miamba myekundu ya Kanbula ng'ambo ya bwawa la Lijiaxia au kwa Wasalar wa Xunhua, Waislamu wenye lugha ya jamii ya Kituruki. Wanaoshuka mara nyingi ni mahujaji wa Kibudha, kwa sababu wilaya hii ya Waislamu ina monasteri ya Jakhyung, iliyojengwa mwaka 1349, ambako Tsongkhapa, mwanzilishi wa madhehebu ya Gelug ya Ubudha wa Kitibeti, alisoma utotoni.

Kwenda Dehenglong hakuna kivutio kilichowekewa tiketi. Usafiri hupatikana kwa gari la kuchangia, barabara hupanda kwa kona juu ya makorongo, na wakati mzuri ni kati ya Julai na Septemba, maua ya manjano yanapofunika miteremko ya juu. Mgeni hukaribishwa chai yenye sukari na kunazi nyekundu katika kikombe chenye kifuniko, pamoja na mkate mnene wa *kunguo*, ambao huokwa ndani ya kalibu ya chuma iliyofukiwa katika majivu ya moto. Mwenyeji ataongea Kitibeti na mkewe, Kichina na mgeni, na Kiarabu wakati wa sala. Tambi za kuvutwa huenda zisiandaliwe kabisa, kwa kuwa waliobaki nyumbani ni wazee na watoto, na anayejua kuzivuta yuko Guangzhou.